Siku Glavu Zilipozimwa Makambako

Glavu zilizimika saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatano, watu mia nne na kumi na wawili wakiwa katikati ya kazi.

Edina Mlowe alikuwa kwenye karakana ya matengenezo, chumba kilichoungana na ukumbi mkubwa wa kiwanda cha transfoma cha Makambako. Alichosikia kwanza ni mabobini ya waya yakizunguka bila kuvutwa. Kisha mtu mmoja akasema "Ala!", na wengine wakafuatia. Akatoka akifuta mikono kwenye aproni.

Ukumbini kila mtu alikuwa amesimama mbele ya koili yake, mikono imenyooshwa, kama watu waliokuwa wanapokea kitu na mtoaji akaondoka ghafla. Taa ndogo za kijani kwenye vifundo vya glavu zote zilikuwa zimegeuka nyekundu.

"Jamani, endeleeni," Edina alisema. "Msiache waya ulegee. Koili iliyofika nusu ikilegea imeharibika. Malizieni kwa mkono."

Hakuna aliyesogea.

Akamwendea Salome Kidenya, aliyekuwa meza ya kwanza. Salome alikuwa na miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, na kwa miaka sita alikuwa akihesabiwa msukaji hodari kuliko wote pale. Picha yake ilibandikwa langoni. Alikuwa amesuka koili zaidi ya elfu nne.

"Vua glavu, Salome. Umebakiza mizunguko arobaini tu."

Salome alivua. Akashika waya wa shaba kwa vidole viwili, akautazama, kisha akamtazama Edina.

"Unapitia wapi, Mama?"

"Unaniuliza mimi? Si umesuka asubuhi hii hii?"

"Sikusuka mimi," Salome alisema. "Zimesuka glavu. Mimi nilikuwa nawaza mambo ya nyumbani."

Glavu hizo zililetwa miaka kumi na moja kabla, na kampuni ya ng'ambo iliyoitwa Oduvar. Ndani ya kitambaa chake mlikuwa na nyuzi laini zilizogusa mishipa ya fahamu ya mkono na kuiamuru misuli moja kwa moja, bila kupita kichwani. Ufundi wenyewe ulirekodiwa kutoka mikononi mwa mafundi wa nchi nyingine, watu ambao hakuna mtu Makambako aliyewahi kuwaona. Mtu aliyekuwa akilima viazi jana angevaa leo na kusuka koili kama fundi wa miaka ishirini. Mwaka wa kwanza tu, kiwanda kilitoa transfoma nyingi kuliko kilivyotoa kwa miaka kumi iliyotangulia. Wakubwa walikuja wakatoa hotuba kwamba taifa limeruka ngazi. Vyuo vya ufundi vikafungwa kimoja kimoja, maana nani angekaa darasani miaka mitatu kujifunza kitu kinachovaliwa kwa dakika mbili?

Edina peke yake ndiye aliyeachiwa mikono yake, na kwa sababu moja. Glavu zilijua kusuka koili mpya. Hazikujua kufufua iliyoungua. Kila transfoma huungulia mahali pake na kwa namna yake, na lazima fundi apapase karatasi ya kuhami waya tabaka kwa tabaka mpaka vidole vimwambie ni wapi imekauka na kuwa kama ganda la kitunguu. Ufundi huo aliupata kwa marehemu Chaula, msimamizi wa karakana ya reli, aliyemfundisha kwa miaka minane na kumfokea kwa miaka yote minane.

Alikaa kwenye kiti cha Salome, akasuka ile mizunguko arobaini, akafunga ncha. Alipoinua kichwa aliona watu wamemzunguka, wanatazama mikono yake kama wanatazama mazingaombwe. Hasira ikampanda, na hakujua amkasirikie nani.

*

"Glavu hazijaharibika," alisema mgeni ofisini. "Leseni imekwisha muda wake."

Mgeni huyo alikuwa Idarus Mbwera, mwanasheria wa Oduvar, mzaliwa wa Tanga aliyeishi ng'ambo miaka kumi na minne. Alikuwa amemwamkia Edina kwa heshima zote na kumvutia kiti. Upande wa pili wa meza alikaa meneja, Barnaba Ngimbudzi, mtu mwema aliyechoka, anayesugua paji la uso kila alipoulizwa swali.

"Meneja, ulijua?" Edina aliuliza.

"Nilijua. Nimeandika barua wizarani mara nne. Wanasema suala linashughulikiwa."

"Na watu mia nne wako pale nje wamesimama."

"Edina, unadhani siwaoni?"

Idarus alisukuma kishikwambi chenye mkataba katikati ya meza. "Oduvar iko tayari kufungua glavu kesho asubuhi, kwa miaka tisa, bila malipo yoyote. Inataka kitu kimoja. Mikono yako, Mama Mlowe. Siku tatu tu za kurekodi. Kuna nchi zaidi ya thelathini zina transfoma zilizoungua na hakuna wa kuzifufua. Ufundi wako ukiingia kwenye glavu utawasaidia wote hao."

"Na baada ya siku tatu?"

Mwanasheria hakuficha. Huenda ndiyo sababu Edina hakuweza kumchukia kama alivyotaka. "Baada ya kurekodiwa, hutaruhusiwa kumfundisha mtu mwingine ufundi huo. Milele. Unaweza kuufanya, lakini kuufundisha huwezi. Ndivyo mikataba yote ilivyo, hata kule kwao."

"Kule kwao mafundi wako wangapi?"

"Maelfu."

"Kwa hiyo mmoja akinyamaza, wengine wanafundisha. Hapa niko mmoja. Nikinyamaza mimi, imekwisha."

Idarus alitazama dirishani. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita taratibu, mabehewa yamejaa mawe ya shaba kuelekea bandarini.

"Nikwambie kitu, Mama. Nilipofika kule nilishangaa. Hawana shaba. Hawana mbuga, wala ardhi yenye rutuba, na nusu ya mwaka huwezi kuotesha hata mchicha. Nikajiuliza, hawa wametajirikaje? Ikanichukua miaka kuelewa. Kiwanda chao kikiungua leo, kesho watu wanakaa chini na kukijenga upya, kwa sababu kiwanda hakiko kwenye jengo. Kiko ndani ya watu, na watu wanaaminiana kiasi cha kuambizana wanachojua. Sisi mawe yetu yanapita hapo yakiwa mawe, yanarudi yakiwa waya. Kile kinachotokea katikati ndicho kinachowalisha wao."

"Unalijua hilo kwa kina namna hiyo, na bado umekuja kuchukua kidogo tulichobakiza."

"Nimetumwa. Nikikataa atakuja mwingine ambaye hajui hata kukuamkia."

"Hilo nalo ni jibu?"

Ngimbudzi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: "Edina, hawawezi kukulazimisha. Mkono uliolazimishwa unakakamaa na rekodi inatoka mbovu. Lazima ukubali mwenyewe. Nakuomba ukubali."

"Nipe mwezi mmoja niwafundishe kusuka bila glavu."

"Sina mwezi. Wateja wana tarehe zao."

"Oduvar inasubiri mpaka Jumatano ijayo," Idarus alisema. "Siku saba."

*

Akaanza siku hiyo hiyo, saa saba mchana. Aliwapanga watu kumi kumi kuzunguka meza, akawapa waya wa chakavu, akawaonyesha mzunguko wa kwanza. Alidhani itakuwa rahisi kuliko kufundisha wageni. Hawa walikuwa wameshika waya huu kwa miaka. Lazima kuna kitu kilichobaki mikononi.

Hakikubaki kitu. Ilikuwa mbaya kuliko kutojua. Mgeni asiyejua hujaribu, hukosea, hujaribu tena. Hawa waliweka mikono juu ya waya na kungoja.

"Unangoja nini?" alimuuliza mwanamume mmoja wa makamo aitwaye Hosea Mgaya.

"Sijui, Mama. Mkono unasubiri kuambiwa."

"Basi uambie!"

"Na mimi nasubiri kuambiwa."

Watu wakacheka, na Edina akacheka nao, lakini siku ya tatu hakuna aliyekuwa akicheka. Waya uliwakata vidole. Walivuta sana ukakatika, walivuta kidogo ukalegea. Alijikuta akifoka kwa sauti ya marehemu Chaula, maneno yale yale, na kila alipofoka watu walizidi kukakamaa. Alimwendea Ngimbudzi kuomba awapunguzie watu kelele za simu za wateja. Akajibiwa kwamba simu haziwezi kuzimwa. Alipiga simu ofisi ya wilaya kuuliza kama kuna mwalimu yeyote wa ufundi aliyebaki mahali popote. Dada aliyepokea alimwambia aandike barua, kisha akamuuliza kwa udadisi wa kweli: "Lakini Mama, kwani glavu zina shida gani?"

Siku ya sita alifanya jaribio. Kati ya watu mia nne na kumi na wawili, tisa walisuka koili ndogo iliyopitisha umeme bila kuunguza.

Salome hakuwa mmoja wao. Koili yake ilitoa moshi ndani ya sekunde tatu. Aliitazama ikiungua, akaondoka.

Asubuhi ya Jumatano, Edina alipofika langoni, aliwakuta. Karibu wafanyakazi wote walikuwa nje, wamevaa makoti kwa sababu ya upepo wa Makambako usiokuwa na huruma. Salome alisimama mbele yao akiwa na karatasi iliyojaa majina.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo ni nini?"

"Tunakuomba usaini."

"Nyote?"

"Mia tatu na tisini. Wengine hawajafika."

Edina aliwatazama. Wengi walikwepa macho yake. "Salome, nisikilize. Nikisaini, mtafanya kazi miaka tisa. Mwaka wa kumi watakuja tena, na siku hiyo hatutakuwa na kitu cha kuwapa. Mtasimama vile vile, mikono mbele. Watoto wenu nao watasimama. Hatujaendelea, mwanangu. Tumevalishwa maendeleo, na mwenye nguo anaweza kuja kuichukua wakati wowote."

"Nimeelewa, Mama. Sisi si wajinga." Sauti ya Salome ilipanda. "Unasema kweli tupu. Lakini kweli yako inaanza kulipa baada ya miaka kumi, na mimi mwanangu wa kwanza anaanza sekondari Januari. Kwa nini taifa lijengwe kwa shingo yangu mimi? Waliofunga vyuo wako wapi? Mbona hawapo hapa kwenye upepo? Wewe ulifundishwa miaka minane na mtu aliyekuwa na mshahara na nyumba ya reli. Sisi unatupa siku saba halafu unatuona wavivu!"

Edina aliona kila neno la Salome ni la haki. Lake pia lilikuwa la haki. Alitamani mmoja wao awe mwongo ili jambo liwe rahisi.

Ofisini, Idarus alikuwa ameshaandaa kila kitu. Glavu za kurekodi zilikuwa mezani, nyeupe, laini. Edina akakaa. Akaomba kipengele kimoja kifutwe, kile cha kutofundisha, na kingine chochote wakiache. Idarus akapiga simu, akaongea kwa lugha ya kule, akangoja, akaongea tena. Akakata simu akitikisa kichwa.

"Hicho ndicho wanachonunua, Mama. Mikono tu haina faida kwao kama kesho nchi nzima itakuwa nayo."

Edina alivaa glavu ya kulia. Ilikuwa na joto kama kiganja cha mtu. Akakaa nayo labda dakika nzima. Alifikiri juu ya majina mia tatu na tisini. Alifikiri juu ya wale tisa. Kisha akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

"Siwezi," alisema. "Nimejaribu, siwezi. Nisameheni."

Ngimbudzi alifunika uso kwa mikono yake. Idarus alikusanya vitu vyake polepole, akatoka.

*

Ukumbi ulifungwa mwezi huo huo. Watu wengi walirudi mashambani, wengine wakaenda Mbeya na Iringa kutafuta vibarua. Sokoni, mwanamke aliyekuwa akimuuzia Edina mboga miaka yote alimwambia zimekwisha, na mboga ziko mbele yake. Kanisani aliketi benchi peke yake. Transfoma za mkoa sasa zilinunuliwa kutoka nchi jirani, ambako glavu zilikuwa zikiwaka taa za kijani.

Alibaki na watu ishirini na watatu, katika ile karakana ya matengenezo, kwa nusu mshahara, wakifufua transfoma zilizoungua kwa mkono. Tisa ni wale waliofaulu. Wengine walibaki kwa ukaidi au kwa kukosa pa kwenda. Wa mwisho kuja alikuwa Salome. Alisimama mlangoni, akasema, "Mboga za shamba zimeoza. Nifundishe," na hakuomba radhi, na Edina hakumdai.

Walikosea kwa miezi. Transfoma ya kwanza waliyoifufua pamoja ililipuka ikamwaga mafuta sakafu nzima. Ya pili ilinguruma siku mbili ikafa. Ya tatu ilirudishwa na mteja pamoja na barua ya matusi. Lakini kitu fulani kilikuwa kinatokea, polepole kiasi cha kukatisha tamaa: mikono ilianza kuuliza. Hosea aliuliza kwa nini karatasi ikunjwe mara mbili pembeni. Edina hakujua, alifundishwa hivyo tu. Wakajaribu kuikunja mara moja tu, ikaungua, wakajua. Baada ya miezi kumi na mmoja, kumi na mmoja kati yao waliweza kufufua transfoma iliyoungua bila yeye kuwa karibu, na Salome alikuwa wa kwanza kati yao, safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

Jumanne moja asubuhi Salome alikuja na barua kwenye chumba cha mbele cha karakana.

Edina aliisoma akiwa amesimama. Oduvar walikuwa wamesikia habari za karakana. Walimtaka Salome ng'ambo, mwaka mzima, ili warekodi mikono yake. Nyumba, shule ya watoto, kila kitu.

"Umejibu?"

"Nimekubali, Mama."

Edina aliweka barua juu ya meza. "Kwa hiyo watu mia nne walikosa kazi, mimi nikatengwa kama mkoma, miezi kumi na mmoja tumepumua moshi humu ndani, ili wewe uwapelekee ufundi mlangoni kwao? Si ningewapa mimi mwaka jana tukamaliza?"

"Ndiyo," Salome alisema, machozi yakimtoka, lakini hakuinamisha kichwa. "Wataupata. Na mimi sitafundisha tena maishani. Najua. Nimeusoma mkataba mara tano. Lakini nina watoto, na hapa ni nusu mshahara, na hakuna anayetusaidia, Mama. Hata wewe hakuna anayekusaidia."

Edina alizunguka meza, akaenda dirishani, akarudi. Alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Alitaka kupiga simu ofisi ya wilaya na kuwafokea mpaka sauti ikauke, ingawa alijua wangemwambia aandike barua.

"Unasaini lini?" aliuliza hatimaye.

"Jumatatu, Dar es Salaam. Naondoka Jumapili."

"Mpaka usaini, mdomo wako bado ni wako?"

Salome alifuta uso. "Ndiyo."

"Humu ndani kuna kumi na wawili ambao hawajaweza kufufua. Una siku tano. Wachukue watatu. Usiwachague walio wepesi."

Salome alichukua aproni kwenye msumari, akaifunga, akaingia karakanani akiita majina.

Edina alibaki nje, mgongo ukutani, kwa sababu hakuweza kumtazama. Kupitia mlango ulioachwa wazi alisikia kifuniko kikiinuliwa, kisha sauti ya Salome, kavu, isiyo na haraka. Alingoja amsikie akiwaambia wapapase tabaka kwa tabaka, kama yeye alivyofundishwa na Chaula na kama alivyowafundisha wao wote.

Hakusikia hivyo. Alisikia kitu kikigonga koili, taratibu, kama mtu anayegonga mlango. Akachungulia. Salome alikuwa ameshika mpini wa kijiko cha mbao, anagonga shaba huku ameinamisha sikio, na wale watatu wameinama pamoja naye.

"Hapa inaitika," Salome alisema. "Na hapa?"

"Haiitiki," mmoja akajibu.

"Basi imeungulia hapo. Fungua."

Wakafungua. Ilikuwa imeungulia hapo hapo. Edina angehitaji nusu saa kupafikia kwa vidole.

Njia hiyo si Edina aliyemfundisha Salome. Hakuna aliyemfundisha. Edina alisogea akasimama kwenye kizingiti, hasira bado haijamwisha, akainamisha sikio na yeye, akaanza kusikiliza jinsi inavyofanywa.